Skani inasimama palepale, na laptopu inalia tik, tik

Swali: "Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Nina laptopu niliyoinunua mtumba miaka minne iliyopita: RAM GB 4, diski GB 500, Windows 10. Juzi flashi yangu ilirudi kutoka steshenari mafolda yote yamegeuka shotikati, nikaamua kuskani kompyuta nzima kwa ile antivairasi inayokuja na Windows yenyewe. Nilichagua Full scan. Ilianza vizuri, ikafika mafaili 212,000 na kitu, ikasimama. Nimeilaza hivyo usiku kucha, asubuhi namba ni ileile. Nimerudia mara tatu, inagota hapohapo au karibu na hapo. Kijana mmoja wa mtaani akanishauri niongeze antivairasi ya pili, akaniwekea moja kutoka kwenye flashi yake. Sasa hata Word inachukua dakika tano kufunguka. Je, ni kirusi kinachozuia skani? Nifomati? Halafu siku hizi ikifanya kazi inatoa kimlio tik, tik, kama saa ya ukutani. Sijui kama inahusiana."

Mwalimu, inahusiana, na hiyo sentensi uliyoitupia mwishoni ndiyo ningeisoma ya kwanza. Kabla hujaendelea na maelezo haya, bofya Cancel uisimamishe hiyo skani. Usirudie mara ya nne, na usifomati. Tafuta flashi mpya au diski ya nje ya kuazima, uhamishe kwanza vile ambavyo huwezi kuvipata tena popote: mitihani uliyotunga, majedwali ya alama, picha za watu wako. Chukua nyaraka na picha tu. Usibebe faili lolote linaloishia na .exe, .lnk au .vbs, maana hapo ndipo kirusi cha shotikati hujificha. Muvi ziache. Na usikamate folda nzima la GB 80 ukaliburuta kwa mkupuo. Anza na vidogo vyenye thamani, kimoja kimoja, ili diski ikigoma katikati uwe tayari umeokoa cha maana.

Umeshamaliza? Basi tukae tuongee.

Haraka yangu ina sababu. Miaka michache nyuma bwana mmoja aliniletea kompyuta yenye dalili kama zako, skani inasimama na mlio upo, naye alikuwa ameipekua kwa nguvu usiku tatu mfululizo akiamini anapambana na kirusi. Asubuhi ya nne haikuwaka tena. Niliichomoa diski nikaiunganisha kwenye mashine yangu, ikazunguka kidogo, ikapiga tik mara saba nane, ikanyamaza. Picha za harusi ya binti yake zilikuwa humo tu. Kirusi sikukiona, wala sikuwa na pa kukitafutia.

Ukielewa skani inafanya nini hasa, mengine utayaona mwenyewe. Antivairasi haiangalii majina ya mafaili kama msimamizi anayeita rejista. Inafungua kila faili, inasoma yaliyomo na kuyalinganisha na alama za virusi inazozijua. Ikikuta faili la zip inalifumua na kusoma kilichomo, na ndani yake kukiwa na zip nyingine inafumua na hiyo. Kazi hiyo kwa prosesa ni ya kawaida tu. Anayetoka jasho ni diski.

Diski yako ya mtumba karibu hakika ni ile ya sahani zinazozunguka. Nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja ni kama milisekunde 11. Ili kusoma faili, kichwa cha diski kinasogea hadi kwenye mstari wake, kisha kinasubiri sahani izunguke hadi mwanzo wa faili upite chini yake. Ukijumlisha mwendo na kusubiri, unapata kama milisekunde 18 kwa faili moja, na hapo bado hakijasoma herufi hata moja. Ni kidogo, ndiyo, lakini zidisha kwa mafaili 300,000, idadi ya kawaida kabisa kwa Windows yenye miaka yake. Ni sekunde 5,400, saa moja na nusu ya kutafuta tu. Na faili moja mara nyingi halisomwi kwa mguso mmoja, maana vipande vyake vinaweza kuwa vimetawanyika huku na huku. Kwa hiyo Full scan ya saa nne au sita kwenye mashine kama yako, hata ikiwa nzima, si ugonjwa. Diski za SSD hazina sahani wala kichwa, ndiyo maana jirani yako anamaliza kazi hiyohiyo kabla chai haijapoa.

Tena ule mstari wa maendeleo na ule "muda uliobaki" ni makisio. Programu haijui mbele kuna nini mpaka ifike. Inaweza kupita maelfu ya mafaili ya herufi chache kwa dakika, ikakutana na moja la GB 4 ambalo ni picha ya DVD, namba ikasimama nusu saa huku kazi inaendelea. Kwa hiyo namba iliyosimama peke yake haikuambii kitu. Itazame diski.

Diski inatazamwa hivi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Ikifunguka kwa umbo dogo, bofya More details. Nenda Performance, chagua Disk 0 upande wa kushoto. Vitu vitatu hapo ndivyo ninavyovitaka: Active time, Read speed na Average response time. Anzisha Quick scan, ile fupi, si Full, kisha uangalie namba hizo kwa dakika mbili tatu. Viandike kwenye karatasi kabisa.

Ukiona Active time iko 90 hadi 100, Read speed inacheza kwenye megabaiti kadhaa au makumi kwa sekunde, na response time ni makumi ya milisekunde, pengine mia moja na kitu, basi diski yako ina shughuli lakini ni nzima. Mvumilie.

Ukiona Active time 100, lakini Read speed ni kilobaiti chache au sifuri kabisa, na response time imepanda hadi 2,000, 5,000, hata 10,000, hiyo ni diski mgonjwa. Maana yake mfumo umeomba kitu, na diski inakaa sekunde mbili, tano au kumi haijajibu. Kwa dalili ulizonitajia, hii ndiyo ninayoihofia.

Ukiona diski imetulia, haifanyi chochote, na skani nayo haisogei, basi kuna mgongano wa programu au skani yenyewe imeganda. Hilo nitalifikia.

Tuanze na mgonjwa, maana ndiye mwenye haraka.

Diski ya sahani ikipata sehemu iliyoharibika, tunaita sekta mbovu, haikati tamaa upesi. Inarudia kusoma palepale, tena na tena, ikitumaini safari hii data itasomeka. Kichwa kinarudi kilikoanzia na kuja upya, na huo ndio mlio wako wa tik, tik. Sekta moja inaweza kula sekunde nyingi kabla diski haijasema "nimeshindwa". Tuseme una sekta 400 za namna hiyo, kila moja inakula sekunde 20. Ni sekunde 8,000, zaidi ya saa mbili, na hakuna hata faili moja lililoongezeka kwenye hesabu ya skani. Ndiyo maana inagota karibu na namba ileile kila mara: skani hupita mafolda kwa mpangilio unaofanana, ikifika kwenye eneo bovu inazama. Matumizi ya kila siku huenda hayagusi eneo hilo, kwa sababu hapo pengine pana video ambayo hujaifungua tangu uinunue mashine. Skani inagusa kila kitu, kwa hiyo yenyewe ndiyo ya kwanza kulifikia eneo hilo bovu.

Ushahidi wa kuthibitisha upo sehemu mbili. Ya kwanza haihitaji kupakua kitu. Bofya kulia kitufe cha Start, chagua Event Viewer, kisha Windows Logs, kisha System. Upande wa kulia bofya Filter Current Log, kwenye Event sources weka alama kwenye disk. Ukikuta mistari yenye Event ID 7, ile inayosema kifaa "has a bad block", hiyo ni diski inakiri yenyewe. Namba 153 maana yake ombi la kusoma au kuandika lilibidi kurudiwa. Moja mbili za zamani zisikunyime usingizi, lakini ukikuta zimepangana makumi kwa makumi, na saa zake ni zilezile ulizokuwa unaskani, huhitaji mganga.

Ya pili ni programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Inasoma kumbukumbu ambazo diski hujitunzia yenyewe kuhusu afya yake. Hapo juu kushoto itakuandikia Good, Caution au Bad. Usiishie kwenye rangi, shuka kwenye orodha utafute mstari wa 05, wa C5 na wa C6. Wa 05 ni sekta zilizokwisha kufa na kubadilishwa na za akiba. Wa C5 ni zile zinazosubiri hukumu, diski imeshindwa kuzisoma na haijaamua. Wa C6 ni zile ambazo diski imeshindwa kabisa kuzisoma au kuzirekebisha. Kwenye diski nzima C5 ni sifuri. Ya kwako ikiwa na namba yoyote juu ya sifuri, na kesho ukiangalia imeongezeka, usiitumie tena kuhifadhi kitu. Kumbuka kwamba programu hiyo kwa kawaida huonyesha tarakimu hizo kwa mfumo wa kumi na sita, hivyo 1A usiishangae, ni 26.

Utasikia watu wakikwambia endesha chkdsk yenye /r, amri ya Windows ya kukagua diski, itengeneze sekta. Inafaa kwa diski yenye kasoro ndogo. Kwa diski inayokufa, inailazimisha isome uso wake wote kutoka mwanzo hadi mwisho, mzigo uleule wa skani uliyokwisha kuifanya mara tatu. Nakala kwanza, chkdsk baadaye, kama bado utaihitaji. Ukweli ni kwamba diski ikifika hapo mimi siitibu, naibadilisha. Kuhusu kufomati, sekta mbovu iko kwenye chuma, nawe utakuwa unasakinisha Windows mpya juu ya kaburi.

Sasa, tuseme umeangalia na diski iko salama, C5 sifuri, na ule mlio ni feni yenye vumbi. Hutokea, na ningefurahi iwe hivyo. Mshukiwa anayefuata ni yule kijana wa mtaani na flashi yake.

Antivairasi mbili kwenye kompyuta moja ni walinzi wawili kwenye geti moja ambao hawajatambulishana. Kila moja imejiweka katikati ya mfumo na diski ili ikague kila faili linapofunguliwa. Ya kwanza ikifungua faili kulipekua, ya pili inaona faili limefunguliwa, nayo inalisimamisha ilikague. Kila faili linalipa ushuru mara mbili. Kwenye RAM ya GB 4 zote mbili hazienei, hivyo Windows inakopa nafasi kwenye diski na kuifanya RAM ya dharura. Diski ileile inayoskaniwa. Hapo ndipo Word inapofunguka kwa dakika tano.

Kwa kawaida, ukiweka antivairasi ya kampuni nyingine iliyojiandikisha vizuri kwenye Windows, Microsoft Defender, ile inayokuja na Windows, hujizima yenyewe kuepusha vurugu hiyo. Lakini za kwenye flashi za mtaani mara nyingi ni toleo la zamani lililovunjwa funguo. Halisasishwi, na mara nyingine hicho kivunja funguo ndicho kirusi chenyewe. Sisemi kijana ana nia mbaya. Nasema hajui alichokibeba. Fungua Windows Security, bofya Settings chini kushoto, kisha Manage providers, uone ni nani Windows inamtambua kama mlinzi. Iondoe hiyo ya pili kupitia Settings, Apps. Kisha washa upya kwa Restart, si kwa Shut down, kwa sababu Shut down ya Windows 10 kwa kawaida huhifadhi sehemu ya mfumo ili kesho iwake haraka, na mabaki ya programu uliyoiondoa yanaweza kubaki yameamka. Kampuni nyingi za antivairasi hutoa kifaa chao maalumu cha kusafisha mabaki. Kama baada ya Restart Defender haijarudi kazini yenyewe, tafuta hicho kifaa kwenye tovuti ya kampuni husika, si kwingine.

Mashine ikishabaki na mlinzi mmoja na diski ni nzima, lakini skani bado inagota palepale, tumtafute faili anayeikwamisha. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika resmon, bonyeza Enter. Nenda kwenye kichupo cha Disk. Juu, kwenye orodha ya michakato, weka tiki kwenye MsMpEng.exe, hiyo ndiyo Defender yenyewe ikiwa kazini. Chini yake, kwenye Disk Activity, utaona majina ya mafaili inayoyasoma sekunde hiyo. Kwenye kompyuta za walimu nimewahi kukuta zip la mitihani ya miaka kumi lililofungwa ndani ya zip lingine, lililofungwa ndani ya rar. Na picha za DVD za GB 4, zile .iso, mtu amesahau kwamba anazo. Ukimwona faili mmoja amekaa pale dakika kumi, umeshamjua. Kama hulihitaji, lifute. Kama unalihitaji, lihamishie kwenye diski ya nje, uskani kompyuta, kisha ulifumue na kuliskani peke yake.

Kuna zip zilizotengenezwa makusudi kuzamisha antivairasi. Maarufu zaidi inaitwa 42.zip, ina kilobaiti 42 tu, lakini ikifumuliwa yote hadi mwisho inazaa petabaiti 4.5, yaani kama GB milioni nne na nusu. Antivairasi za leo zimewekewa mipaka, hazifumui bila kikomo. Hutarajii kukutana nayo Morogoro, lakini inakuonyesha kwa nini faili dogo kwa macho linaweza kuwa refu kwa skani.

Ipo njia ya mkato ambayo baadhi ya mafundi huipenda, kuliweka folda zima la Downloads au diski nzima ya D kwenye Exclusions ili skani ilipite. Ninaikataa. Ukifungua dirisha, mbu hakuombi ruhusa, na Downloads ndilo dirisha lenyewe. Exclusion ni ya faili moja unalolijua, kwa sababu unayoijua.

Na hilo swali lako kuu, kama ni kirusi kinachozuia skani. Wapo wanaofanya hivyo, lakini huja na alama zao. Windows Security inakataa kufunguka, au inafunguka na vitufe vimefifia vikisema mpangilio unasimamiwa na msimamizi wakati kompyuta ni yako mwenyewe. Au tovuti za antivairasi tu ndizo hazifunguki huku nyingine zote zinafunguka. Au skani haisimami kimya, inajifunga kabisa baada ya sekunde chache. Hujanitajia hata moja ya hizo. Ukiziona, usihangaike na Full scan. Kwenye Virus & threat protection, bofya Scan options, chagua Microsoft Defender Offline scan. Hifadhi kazi zako kwanza, kwa sababu kompyuta itajiwasha upya na kuskani kabla Windows haijaamka, wakati kirusi bado kimelala. Huchukua kama dakika 15 kwa mashine ya kawaida. Kwa diski mgonjwa itagota pia, na hiyo nayo ni taarifa.

Kama unataka kujua skani zako tatu ziliishaje, Defender ina daftari. Kwenye Event Viewer ingia Applications and Services Logs, Microsoft, Windows, Windows Defender, Operational. Namba 1000 ni skani imeanza, 1001 imekamilika, 1002 imesimamishwa kabla ya kumaliza, 1005 imeshindwa. Ukiona 1000 isiyofuatwa na lolote kati ya hayo, kompyuta ilizimika au kulala katikati. Na hili la kulala linawapata wengi: umeanzisha skani, ukafunga kifuniko cha laptopu, ukaenda kulala nayo ikalala. Asubuhi namba ni ileile, unadhani imekwama. Hakikisha iko kwenye umeme, na kwenye Power & sleep uchague Never kwa upande wa chaja kwa usiku huo. Umeme ukikatika na betri ni ya jina tu, utaanza upya. Joto nalo, prosesa ikichemka hujipunguza mwendo yenyewe, kwa hiyo usiiweke kitandani juu ya blanketi ikaziba matundu ya hewa.

Tuje kwenye flashi, maana ndiyo iliyoanzisha safari yote na kwenye kuhangaika umeisahau. Full scan ya Defender, kwa mpangilio wake wa kawaida, haigusi flashi. Yaani hata ungeifikisha mwisho, mgeni aliyeleta ugonjwa angebaki kama alivyo. Chomeka flashi, usifungue folda lolote, ingia This PC, bofya kulia jina la flashi, chagua Scan with Microsoft Defender. Kirusi cha shotikati kwa kawaida hakifuti mafaili yako. Kinayaficha, kisha kinaweka shotikati zenye majina yaleyale zinazokiita chenyewe kila unapozibofya. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009 flashi hairuhusiwi kujiendesha yenyewe ikichomekwa, ndiyo maana kirusi kinahitaji mkono wako ubofye. Ikishaskaniwa, fungua Command Prompt, na kama flashi ni herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri. Mafolda yako yatarudi kuonekana. Futa shotikati zote zilizobaki na faili lolote la ajabu lenye .vbs au .exe ambalo hukuliweka wewe. Na ukirudi steshenari, peleka kazi ikiwa PDF kwa barua pepe au WhatsApp badala ya flashi, au tenga flashi ya kutokea nje tu, isiyo na kitu kingine. Kompyuta za steshenari hupokea flashi za mji mzima kwa siku, hata mwenye duka makini anazidiwa.

Nakushauri pia uachane na mazoea ya Full scan kila ukihisi jambo. Quick scan hupekua sehemu ambazo virusi hujiandikisha ili viamke pamoja na Windows, na ulinzi wa papo kwa papo unakagua kila faili linapofunguliwa. Viwili hivyo, pamoja na masasisho, vinatosha kwa siku za kawaida. Full scan ifanye mara moja baada ya tukio kama hili, diski ikishathibitika kuwa nzima. Zile ambazo Windows hujipangia yenyewe ni za pole kwa makusudi: husubiri kompyuta isiwe na kazi, kwa hiyo zikichelewa usizilaumu. Masasisho ya alama za virusi hula bando, najua, lakini antivairasi yenye alama za miezi mitatu nyuma ni mlinzi mwenye picha za wezi waliokwisha kufungwa. Tumia Wi-Fi ya shule jioni.

Kuhusu mashine yenyewe, nikikaa kwenye nafasi yako ningenunua SSD ya GB 256 na kuongeza RAM ifike GB 8, kama ubao wake unaruhusu. Kati ya hivyo viwili, mfuko ukibana, anza na SSD. Hakuna badiliko jingine litakalokupa tofauti kubwa hivyo kwenye laptopu ya umri huo. Ulizia maduka mawili matatu kabla ya kulipa, na umwambie fundi asihamishe Windows ya zamani kutoka diski mbovu kwenda mpya, aweke mpya. Kwa kuwa utakuwa unaanza upya, ujue pia kwamba Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Muulize kama prosesa yako inakubali Windows 11 kabla hajaanza. Laptopu nyingi za mtumba hazikubali, na ni heri ujue mapema kuliko baada ya kulipa.

Kwa leo lakini, usinunue kitu. Kamilisha nakala, ondoa hiyo antivairasi ya pili, uwashe upya, kisha nipatie namba tano: Read speed na Average response time wakati wa Quick scan, na mistari ya 05, C5 na C6 ya CrystalDiskInfo. Piga picha kwa simu ukipenda, ni haraka zaidi. Na nijulishe kama mlio wa tik unasikika hata ukiwa umewasha tu kompyuta bila kufungua chochote.